Kabla Hujaonana na Lugano

Mwanangu Tusekile,

Salamu sikuandikii, maana uko katika nyumba hiyo hapo na nakusikia unavyobishana na mama yako blanketi lipi liende nawe chuoni Iringa na lipi libaki. Mimi nimejifungia huku ndani ya kebini ya lori, karatasi nimeilaza juu ya usukani, naandika upesi kabla jua halijaishia nyuma ya mlima. Mama yako aliniuliza nafanya nini nikamwambia nakagua injini. Akanijibu, "Kagua, Baba Ambakisye. Na ulimi wako uukague pia." Basi jua nyumba yetu ilivyo jioni hii.

Mambo ya sabuni, ya sweta, ya kuandika nyumbani, amekwisha kuyasema yeye na kesho kituoni atayarudia yote. Mimi siyagusi. Nina jambo moja tu na limenikwama kooni. Kesho basi litasimama Chimala ili abiria wale. Nimempa dereva mwenzangu ujumbe awafikishie wazazi wa Lugano, kwamba wewe utapita hapo. Kama wifi yako anataka kukuona, atakuja barabarani. Asipotaka, hatakuja. Lakini akija, utakalomwambia pale ndilo litakaloamua kama atarudi na yule mtoto kwa kaka yako, au ndiyo tumempoteza moja kwa moja. Na hapo ndipo ninapokuogopa, mwanangu. Nakuogopa kwa sababu ya lile neno lako la Kiingereza.

Rait. Naliandika kama masikio yangu yanavyolisikia, wewe utalisahihisha.

Tangu masika umelitembeza neno hilo Iyunga nzima. Umemwambia mwalimu wako, umemwambia mchungaji, ukamwambia hata tajiri wangu mwenye lori pale dukani, naye alikuwa anapima chumvi tu hana habari: baba yangu alikuwa rait. Nikakuuliza siku ile tunamenya viazi, rait ipi? Ukacheka, ukaenda kuchukua kamusi. Ukanisomea: mkono wa kulia. Kitu kilicho sahihi. Haki ya mtu. Sawasawa. Barabara kabisa. Mara moja. Nikasema, lo, hawa Waingereza na utajiri wao wote wamekosa maneno mengine? Neno moja linabebeshwa mizigo kama punda wa Usangu! Ulicheka mpaka kisu kikakuanguka. Nami nilicheka, lakini moyoni sikucheka. Nilitaka kukuuliza tena: katika mizigo yote hiyo, baba yako unamtwika upi? Mama yako akaingia, nikarudi kwenye viazi.

Sasa nikuambie nilivyojuana na neno hilo, maana tumejuana zamani. Nilikuwa utingo wa lori la Mzungu mmoja mchonga barabara, hata mama yako sijamwona bado. Dereva wetu akashikwa na homa njiani. Mzungu akaniambia nishike usukani, yeye akaketi kando yangu na kiko chake. Kiingereza changu chote kilikuwa maneno yasiyojaza kiganja, na katika hayo rait maana yake ilikuwa kata kulia, basi. Nikaendesha vizuri, nakuambia kweli, tukafika kwenye kona mbaya ya mawe nikaipita kama nimezaliwa ndani ya lori. Mzungu akafurahi. Akanipiga bega, akasema, "Right!" Nami, mtoto mtiifu, nikakata kulia.

Tuliingia mtaroni. Mapipa ya mafuta yakateremka bondeni yakipiga kelele, kiko sijui kilikwenda wapi. Nilipotambaa nje nikamwuliza kwa adabu zote, "Bwana, rait gani?" Akafoka maneno mengi na ndani yake nikalisikia neno lile lile tena. Mpishi wake akanitafsiria: "Anasema huna haki ya kumwuliza." Nilirudi Mbeya kwa miguu, kazi sina, njia nzima nalitukana neno hilo.

Ila sikurudi mikono mitupu. Tangu siku ile, mtu akinipa neno, sikanyagi mafuta kabla sijamwuliza ana maana gani. Tajiri, polisi, karani wa mizani ya pareto, wote wananiona msumbufu na wananiheshimu. Lugano ndiye mtu mmoja ambaye alinipa neno nikakanyaga mafuta tu. Na wewe ulikuwepo.

Najua unavyouona mwiko wetu wa mkwe. Umesoma, unasema ni ujinga wa zamani, mwanamke kukimbilia kwenye mahindi kwa sababu baba wa mumewe anapita njiani. Asitazamwe, asiguswe, asizungumze naye, jina lake asilitaje. Mchungaji naye amehubiri kwamba hayo yamekwisha. Labda. Lakini wewe hukumwona babu yako na mama yako. Mzee yule alikuwa mkali, sisi wanawe tulimkimbia. Lakini akija kwenye nyumba yangu alikuwa anaanza kukohoa tangu kule kwenye mgomba wa mwisho, kohoo, kohoo, kifua kizima hicho, ili mama yako apate muda wa kuondoka bila kukimbia. Mama yako alipougua, mzee alikuwa anaweka maziwa njiani penye jiwe, anakohoa, anaondoka. Hawakuwahi kusemezana hata neno moja, na siku alipokufa mama yako alilia kuliko dada zangu. Wewe unaita woga. Mimi niliona watu wawili wanaoheshimiana.

Ndivyo nilivyojitahidi kwa Lugano. Tangu kaka yako Ambakisye alipomleta kule kwenye shamba letu la Umalila, sikuwahi kuuona uso wake. Nilimjua kwa mambo mengine. Nilimjua kwa wimbo wake akitwanga, anaimba chini chini na katikati anasahau maneno. Nilimjua kwa maharage yake, maana anatia chumvi kidogo mno, na mama yako akitaka kumwambia nilimkataza. Nilikuwa nikipandisha lori kule kuchukua viazi, napiga honi mara ya kwanza chini kabisa kwenye kona. Hicho ndicho kilikuwa kikohozi changu. Utingo wangu alidhani nina wazimu, nampigia nani honi mlimani.

Halafu ikaja siku ile ya mvua. Najua uliiona yote, lakini uliiona ukiwa umeshika mwavuli, mimi niliiona nikiwa mahali pengine. Kaka yako yuko Njombe kwenye kambi ya wakata miti ya miwati. Utingo mgonjwa. Nimefika kupakia viazi, wewe na mama yako mko kule kumsaidia Lugano, nasikia kutoka nyumbani sauti ambayo haikuwa wimbo. Yule bibi mkunga akatoka, mikono ameikunja kwenye kanga, akaniambia bila kuzunguka, "Mtoto ametanguliza mkono. Mimi nimefika mwisho wangu. Apelekwe hospitali."

Mama yako akasema, "Tutafute dereva mwingine."

"Dereva mwingine Umalila hii? Nimchonge kwa mti?"

Nilimjibu vibaya, najua. Nilikuwa naogopa. Basi mkafanya mlivyofanya, na mlifanya kwa heshima: mkamlaza nyuma juu ya magunia, turubai juu, ninyi wanawake mkamzunguka, mimi nikaingia kebini kwa mlango wa upande wa pili nimeinamisha kichwa. Mpaka hapo hakuna aliyevunja kitu. Niliendesha barabara ile ya utelezi kwa gia ndogo, kila shimo nalihisi kwenye meno yangu, na kila nikisikia analia nyuma najiambia, vizuri, analia, yuko hai.

Pale kijitoni daraja halikuwepo. Magogo yalikuwa yameondoka na maji, na maji yenyewe yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, yanafika kiunoni na yanavuta. Ng'ambo imesimama landrova ya bwana shamba, dereva peke yake. Mama yako akampigia kelele avuke amchukue mgonjwa. Kijana wa watu, mtu wa Dodoma, akatia mguu majini, akautoa, akasema yeye ana watoto. Simlaumu. Kugeuza gari alikubali, kuvuka hapana.

Mama yako akasema, "Tungoje maji yapungue." Bibi mkunga akatikisa kichwa tu.

Ndipo wewe ukasema, "Baba, mbebe wewe."

Ulisema wazi, sauti ya juu, kama mtu anayesema leta ndoo. Na sisi wote tulikuwa tumeshaliwaza, tukaogopa kulitoa mdomoni. Mama yako alikutazama, nikadhani atakupiga kofi. Hakukupiga. Alichukua kanga yake akamfunika Lugano kichwa chote, asinione nisimwone, akasema, "Haya."

Nikambeba. Alikuwa mzito kwa mtoto na kwa mvua, anatetemeka, mimi nahesabu mawe kwa miguu. Katikati ya maji nikateleza, nikapiga goti, maji yakapanda, yakaichukua ile kanga. Nikauona uso wake. Kyala wangu, Mungu wangu, Tusekile, ni msichana tu. Ana alama ya kuungua kwenye shavu, ya utotoni labda. Sikuwa najua.

Akamwita mama yako aliyekuwa nyuma yetu: "Mama, mwambie aniweke chini." Mama yako alikuwa anapigana na maji. Akasema tena, "Mama, mwambie." Halafu akageuza uso, akanitazama machoni. Akasema, "Baba. Niweke chini."

Baba, aliniita. Unajua ilimgharimu nini kusema hivyo? Alifundishwa tangu hajaota meno kwamba kwa mtu kama mimi mdomo unafungwa. Akaufungua, ili nimsikie. Na wewe nyuma ukapiga kelele, "Usimsikilize, Baba! Twende!"

Nikafanya ulivyosema. Sikumsikiliza. Nilikaza macho kwenye ile landrova, nikafika, nikamlaza ndani, nikafunga mlango. Tulipofika hospitali jioni ile, walimpasua, mtoto akatoka hai, dume, analia kwa hasira. Yule sista wa Kizungu akatoka nje nilipokuwa nimekaa chini kwenye matope, akaniambia neno, wewe ukaruka juu kwa furaha ukanitafsiria: "Anasema umefanya rait, Baba!" Mimi nililia. Ulidhani ni furaha, na furaha ilikuwemo, sikatai.

Yaliyofuata unayajua, ila unayasimulia ukiruka ruka. Lugano alipopona hakutaka kurudi Umalila wala kukanyaga Iyunga. Ndugu zake walikuja wakamchukua Chimala, kule baba yake alikohamia kulima mpunga. Mchungaji akasema nimefanya vema. Wazee wakasema nimevunja nyumba, nitoe ng'ombe, watu waoshwe kimila. Nikaona nisibishane na upande wowote, nikampeleka ng'ombe. Baba yake Lugano akamrudisha ng'ombe huyo, akiwa amemlisha vizuri. Akaniambia mbele ya wenzake, bila ukali, "Sina kesi nawe. Umemwokoa mwanangu. Lakini mwenye neno ni yeye, na yeye hajasema." Kaka yako akaja kutoka Njombe, akakaa pale kwenye benchi, akasema, "Baba, asante kwa mtoto. Lakini mke sina." Akaondoka bila kula. Mjukuu wangu sijui hata anaitwa nani.

Nawe ukamwandikia barua. Sikuisoma, ila ulinisomea kwa kujivuna: kwamba baba alikuwa rait, kwamba bila baba yeye na mtoto wangekuwa kaburini, na inafaa ashukuru. Kila neno humo lilikuwa kweli. Hakujibu. Ulishangaa kwa nini. Mimi sikushangaa, nilisikia aibu hata kupita barabara ya Chimala. Nikipewa mzigo wa upande ule nabadilishana na wenzangu, nachukua wa Tunduma.

Sikiliza sasa, mwanangu, na usinikasirikie. Ile rait yako ya sahihi, ninayo. Nilikuwa sahihi, mtoto anapumua. Lakini rait ya haki sijui kama nilikuwa nayo. Mwili ulikuwa wake, kifo kilikuwa chake, na aibu iliyobaki anaibeba yeye, mimi naitwa shujaa dukani. Na kuhusu sawasawa, olraiti, ndiyo kabisa haipo, kaka yako anapika mwenyewe ugali wake kule kambini. Wewe umezichukua hizo zote ukazifunga furushi moja, kwa sababu kwa Kiingereza zinatosha kwenye neno moja. Kwa Lugano hazitoshi. Ukimwambia baba alikuwa rait, atasikia kwamba yeye alikuwa na makosa. Makosa gani? Ya kuogopa? Ya kutunza alichofundishwa?

Nakuona unavyokunja uso ukisoma hapa. Unasema, kwa hiyo Baba alitaka afe? Hapana! Usinisingizie. Huko Iringa watakuvika gauni jeupe la uuguzi, watakupa mamlaka, na wanawake watakuja kutoka milimani na miiko yao, Wahehe, Wabena, hata wa kwetu. Mmoja atakuambia niache, na wewe hutamwacha, na utakuwa umefanya vizuri. Sikufundishi kazi yako, mimi ni dereva. Nakuambia tu jinsi inavyokaa baadaye. Inakaa vibaya. Unaweza kuwa sahihi na bado ukakosa usingizi, na watu wakikusifu ndipo unapokosa zaidi.

Jua limekwisha, naandika kwa kupapasa. Mama yako ameita chakula, ameita tena, safari hii kwa jina langu la utoto, maana yake amekasirika kweli.

Basi kesho Chimala. Akija, usianze wewe. Msalimie, mshike mtoto kama atakupa, asipokupa usimwombe. Usimpelekee habari za sista wala za mchungaji. Usimtaje kaka yako kwanza, usije ukaonekana umetumwa kumrudisha kama ng'ombe aliyepotea. Akikuuliza kama baba yako anajuta, usinitetee. Mwambie ukweli wangu: sijuti kumbeba. Maji yakiwa yale na mtoto vile, ningembeba tena, hata angenilaani.

Kinachoniuma ni kingine, na sijamwambia mtu, hata mama yako. Aliniita baba, nami sikuitika. Nilishavunja mwiko wa kumgusa, nimeuona uso wake, kilichobaki kilikuwa nini? Nikajificha nyuma ya mwiko wa kusema, kwa sababu pale ulinifaa. Ningemjibu ningelazimika kumkatalia machoni, mtu na mtu. Niliogopa. Nikambeba kama gunia la viazi, kimya, na ninaamini hicho ndicho alichokikimbia akaenda Chimala, si mikono yangu.

Kwa hiyo mpelekee jibu. Kwa mdomo wako inaruhusiwa. Mwambie: baba anasema nilikusikia, mwanangu. Nilikusikia vizuri kabisa, na nilikataa.

Kisha unyamaze, Tusekile. Mwache aseme yeye, au asiseme. Dereva atapiga honi, wale ndivyo walivyo, atakutukana mbele za watu. Usipande mpaka Lugano amalize. Basi likikuacha, na likuache.

Baba yako